Usimwambie Dalali Rangi ya Jumanne
Mwongozo kwa wenye milango ya fahamu isiyofungika

Ukishuka basi Ruaha Mbuyuni mchana, joto ndilo linalokupokea mlangoni. Baada ya joto ni vitunguu: vimejazwa kwenye ndoo, vimefungwa kwenye nyavu, vimerundikwa juu ya turubai kando ya barabara, na kila dirisha la basi limeshapata mkono ulionyanyua fungu. Malori ya Zambia na Kongo yanapita katikati ya yote hayo, na yale yaliyoshuka mteremko wa Kitonga yanakuja yananuka breki. Nimekulia hapo, nyuma ya meza ya vitunguu ya mama yangu. Ni hapo nilipojifunza kuishi na kichwa nilichopewa, kwa hiyo mwongozo huu nao unaanzia hapo.

Kanuni ya kwanza umeshaisoma kwenye kichwa cha habari. Nilikuwa na miaka tisa. Dalali alikuja siku ya Jumanne, akataja bei ya gunia, elfu ishirini na nane, na mama akanyamaza kama anavyonyamaza mtu anayetaka bei ipande yenyewe. Mimi nikadakia. Nikasema bei hiyo haifai leo, kwa sababu Jumanne ni ya kijani na nane ni damu ya mzee, na rangi hizo mbili hazikai pamoja. Dalali akacheka mpaka akashika meza. Mama naye akacheka huku ameinamisha uso. Bei haikupanda tena siku ile, maana dalali akishacheka na familia anajiona ndugu, na ndugu huombwa apunguziwe. Kwa hiyo: rangi za namba zako zitunze mpaka fedha ihesabiwe. Baada ya hapo mwambie umpendaye.

Wataalamu huiita sinesthesia. Shuleni tulifundishwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Mwenye sinesthesia anayo yote mitano kama wenzake, ila ukifunguka mmoja, wa pili nao unafunguka bila kusukumwa. Mtu anasikia jina la jirani na ulimi wake unapata ladha. Mwingine anasikia filimbi na kuona mstari unaopita. Mwingine, kama mimi, anasoma herufi zilizopigwa kwa wino mweusi, na kila herufi inamjia na rangi yake. Hajaibuni na hawezi kuibadilisha.

Usidhani uko peke yako. Mwaka 2006 Julia Simner na wenzake walitoa matokeo ya kupima watu wa kawaida nchini Uingereza, wakakuta takriban 4 katika kila 100 wana aina fulani ya jambo hili, na aina iliyojitokeza zaidi ni hiyo hiyo ya siku za wiki kuwa na rangi. Kama hesabu hiyo inashika hata kwetu, basi la abiria 60 linalosimama Mbuyuni lina watu wawili au watatu wa namna hiyo, wananunua vitunguu kimya kimya, kila mmoja akiamini kwamba dunia nzima inaona kama yeye. Mimi niliamini hivyo mpaka siku ile ya dalali.

Kabla ya kuendelea, jipime. Chukua daftari, andika herufi zote kuanzia A hadi Z, namba kuanzia sifuri hadi tisa na siku saba za wiki. Mbele ya kila moja andika rangi yake, tena kwa uangalifu: usiandike “kijani” kama ni kijani cha jani la mgomba lililoanza kukauka. Lifiche daftari. Baada ya miezi sita andika upya bila kuchungulia. Asiye na sinesthesia atakuwa amesahau nusu na kubuni nusu. Mwenye nayo atarudia yale yale, hata ule mgomba. Mwaka 1987 Simon Baron-Cohen na wenzake walimpima hivyo mwanamke mmoja huko Uingereza. Walimrudia baada ya wiki kumi na majibu yake yote yalikuwa yale yale. Tangu hapo uthabiti huo ndio kipimo.

Lakini kama milango yako ilianza kufunguka ghafla ukiwa mtu mzima, baada ya kuumia kichwa, baada ya kuanza dawa mpya, au pamoja na vipindi vya kupoteza fahamu, weka mwongozo huu chini uende hospitali. Hilo ni la daktari. Sinesthesia ninayoiandikia mimi ni ile ya tangu utotoni, ambayo mara nyingi hukaa ndani ya ukoo. Hiyo haihitaji dawa, na usikubali kupelekwa kwa mganga ili Jumanne iache kuwa kijani. Siku ikikosa rangi yake utaitafuta wiki nzima.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi wenye Kiswahili kuliko wengine, maana miongozo iliyoandikwa kwa lugha nyingine haiwezi kukusaidia hapa. Ni saa.

Kwangu saba ina rangi ya udongo uliolowa, na moja ni nyeupe pee. Asubuhi simu inaandika 7:00. Jicho limeona saba, mdomo unasema saa moja. Saa hiyo hiyo moja ina udongo na weupe kwa pamoja, kama shati lililofuliwa likaanguka. Kila saa ya siku ina rangi mbili namna hiyo, zilizopishana kwa namba sita, kwa sababu sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza na saa za dukani zinahesabu tangu usiku wa manane. Mtu wa kawaida anajumlisha sita na kuendelea na shughuli zake. Mimi niliwahi kuachwa na basi la Mbeya kwa sababu tiketi iliandikwa 12:00, na kichwa changu kikashika rangi ya kumi na mbili ya alfajiri, yenye ukungu, wakati aliyeandika alikuwa na maana ya saa sita mchana. Nilifika kituoni alfajiri, nikasubiri, nikadhani limeshapita, nikarudi nyumbani. Lilipita adhuhuri likiwa na siti yangu tupu.

Ushauri wangu ni huu: ukipewa muda wowote, uandike kwa maneno. “Saa kumi na mbili alfajiri.” Maneno ukiyasoma yanatoa rangi moja tu, ile ya Kiswahili, na tarakimu inanyamaza. Ukilazimika kutumia tarakimu, mwombe anayekuandikia aongeze neno moja tu: asubuhi, mchana, usiku. Neno hilo linatosha kutuliza ugomvi.

Siku za wiki nazo tumezihesabu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: mosi, pili, tatu, nne, tano. Jumanne yangu ilirithi kijani chake kutoka kwa nne, na Jumatano ikarithi bluu ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ina maana ya tano. Wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana! Nilipolijua hilo nikiwa sekondari nilitegemea Alhamisi ingebadilika kuwa bluu. Haikubadilika. Imebaki rangi ya asali, kwa sababu niliijua kama Alhamisi kabla sijajua kwamba Waarabu wanahesabu. Mara nyingine rangi inafuata kile ulichofundishwa kwanza. Mwaka 2013 Nathan Witthoft na Jonathan Winawer waliandika juu ya watu 11 huko Marekani ambao rangi za herufi zao zililingana na zile za herufi za plastiki zenye sumaku walizochezea wakiwa wadogo, zile za kubandika kwenye jokofu. Watafiti wengi wanaona pia kwamba sehemu ya ubongo inayotambua herufi na ile inayoshughulika na rangi ni majirani wa karibu, na kwa watu kama sisi ukuta kati yao ni mwembamba. Mbuyuni hatukuwa na jokofu. Tulikuwa na kadi za maboksi ukutani, na bado naiona ile ya nne.

Ndiyo maana nina neno kwa walimu. Mtoto akipaka rangi namba zake daftarini, usimchape. Mimi nilichapwa, kwa kosa la kuchafua daftari, na kwa miaka miwili nilifanya hesabu kwa kalamu ya bluu nikiwa natafsiri kila namba kutoka rangi ya wino kwenda rangi yake kabla ya kujumlisha. Hesabu ya dakika moja ikawa ya dakika tatu, na kadi ya ripoti ikasema ni mzito. Mpe mtoto penseli za rangi. Akipata jibu sahihi, limekuwa sahihi.

Kanuni inayofuata ni ya lugha, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote: usianze maelezo yako na neno sinesthesia. Anza na nasikia.

Angalia tulichopewa. Mswahili anasikia sauti, na pia anasikia harufu, anasikia baridi, anasikia njaa, anasikia utamu wa mchuzi, anasikia kizunguzungu. Kitenzi kimoja kimeshika milango minne na tumbo juu yake. Kisu ni kikali, pilipili ni kali, jua ni kali, mbwa ni mkali, dawa ni kali, na bosi akiamka vibaya naye ni mkali, na hakuna anayeuliza mbwa na pilipili wamekutana wapi. Sauti kwetu ni nene, nyororo, tamu au nzito. Halafu kuna zile tanakali. Nyekundu ndu. Nyeusi tii. Nyeupe pee. Hiyo “ndu” haina kazi nyingine duniani isipokuwa kuwa sauti ya wekundu. Tumekwenda mbali zaidi tukapata sauti ya kutokuwepo kwa sauti, tukasema kimya jii. Nani aliyekaa akasikia kwamba kimya kinalia jii? Sijui alikuwa nani, lakini namtambua kama ndugu.

Kwa hiyo ukimwambia shangazi yako “nina hali ya kinyurolojia”, atakimbilia kupika uji. Ukimwambia “shangazi, mimi Jumanne naisikia kijani”, atasimama, ataipima, na huenda akakuuliza Jumapili je. Lugha imeshamwandaa.

Na ushahidi kwamba milango ya kila mtu ina ufa ulipatikana hapa hapa nchini. Mwaka 1961, mwaka wa uhuru, jarida la saikolojia la Uingereza lilichapisha kazi ya mtafiti R. Davis iliyofanyika Tanganyika. Watoto wa rasi ya Mahale, pembeni ya Ziwa Tanganyika, ambako kinasemwa Kitongwe, walionyeshwa michoro miwili, mmoja wenye ncha ncha na mwingine wa mviringo, wakapewa majina mawili yasiyo na maana, takete na uloomu, wayagawe. Kwa sehemu kubwa waligawa kama walivyogawa watoto wa Uingereza: takete kwa ncha, uloomu kwa mviringo. Jaribu kwako nyumbani, kwa kijiti mchangani. Lakini si kila kitu kinalingana duniani. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Andrew Bremner waliripoti kuhusu Wahimba wa kaskazini mwa Namibia: kwenye sauti na umbo walifanana na watu wa Magharibi, ila kwenye ladha walikwenda kinyume. Chokoleti iliyo tamu zaidi waliipa umbo la ncha, wakati wenzao wa Magharibi huupa utamu umbo la mviringo. Ulimi nao una kwao.

Wenye milango iliyo wazi wana mchana mgumu. Mbuyuni saa saba ina honi, wapiga debe, redio tatu, na jua linalorudi usoni kutoka kwenye lami. Kwangu breki za upepo za lori, zile zinazopiga “tsaa”, huja na mmweko mweupe pembeni ya jicho la kulia. Zikipiga tano kwa mfululizo sioni sawasawa ninachomrudishia mteja. Hapo usijikaze. Geuka uipe barabara mgongo, utazame upande wa mto, na ushike kitunguu kimoja kikubwa kwa mikono miwili, kile kilichokaa kivulini chini ya turubai. Ubaridi wake na uzito wake vinakuita urudi mwilini. Nimefanya hivyo mara nyingi na hakuna mteja aliyewahi kuuliza kwa nini muuza vitunguu ameshika kitunguu.

Kwenye basi, kata siti ya dirishani, mbele, mbali na spika. Muziki ukizidi, sema: “Kaka, muziki unaniumiza kichwa, naomba upunguze kidogo.” Ni kweli tupu, na kondakta ataielewa.

Mtoto hawezi kuomba hivyo. Mtoto anayeziba masikio honi inapolia, anayekataa sare ya shule kwa sababu lebo ya shingoni inamkwaruza, anayetema mlenda kwa sababu ya ule utelezi, hajakosa adabu na hajadekezwa. Wengi wa watoto wenye usonji wanaishi hivyo kila siku, na watafiti wa Cambridge mwaka 2013 waliona sinesthesia kwa watu wazima wenye usonji karibu mara tatu ya ilivyo kwa wengine: takriban 19 katika 100, dhidi ya 7. Mzazi, kata ile lebo. Fua sare mpya mara tatu kabla ya siku ya kwanza. Mwache ale ugali wake kavu. Haya hayana gharama, na yanaokoa asubuhi nzima.

Jua la Mbuyuni linanikumbusha pia mtu aliyetutangulia. Maelezo ya zamani kabisa ya kitaalamu ya sinesthesia yanayojulikana yaliandikwa na mtu mwenye ualbino. Georg Sachs alitoa tasnifu yake ya udaktari mwaka 1812 huko Erlangen, Ujerumani, juu yake mwenyewe na dada yake, wote wawili wakiwa na ualbino. Alikusudia kueleza ngozi, nywele na macho, na humo ndani akaandika kwamba herufi, namba, siku za wiki na sauti za muziki zilimjia na rangi. Nikimfikiria, namwona mtoto mwenye ualbino niliyesoma naye, anayekunja uso mchana kwa sababu mwanga unamchoma macho, aliyekalishwa dawati la nyuma na kuitwa mvivu kwa kutosoma ubao. Mweke mbele. Mpe kofia pana. Nchi hii imewahi kuwaua watu kama yeye kwa ushirikina, na kila anayeona kwa namna yake hapa kwetu anadai kwamba kitu pekee cha kumtisha kiwe jua.

Wako pia wale ambao mlango mmoja umefungwa nusu. Nilifanya kazi na kijana mmoja wa kupanga nyanya kwenye matenga. Nyanya za Dar es Salaam hazipakiwi zikiwa zimeiva kabisa. Zinazogeuka rangi ndizo zinazofaa safari, na zilizoiva zinabaki soko la karibu. Kwake yeye nyekundu na kijani zilikuwa rangi moja. John Dalton, mwanakemia Mwingereza, aliieleza hali hiyo mwaka 1794 kwa kujichunguza mwenyewe, na inawapata wanaume zaidi kwa sababu chembe yake ya urithi iko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu. Matenga mawili yalifika Dar yakiwa supu, na tajiri akamfukuza kwa uzembe. Ukimpata kijana kama huyo, mhamishie kwenye vitunguu. Kitunguu hakichaguliwi kwa rangi. Unabana shingo yake kwa kidole gumba: ikiwa kavu na nyembamba kitafika hata Nairobi, ikiwa laini kinaanza kuoza kabla ya Morogoro. Yule kijana alikuwa na kidole gumba bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Mama ndiye aliyemchukua.

Mama mwenyewe huchagua kwa sikio. Anavisugua vitunguu viwili pamoja karibu na shavu, anasikiliza maganda, kisha kimoja kinakwenda kulia na kingine kushoto. Nilimwona akifanya hivyo utoto wangu wote na sikuuliza.

Nilikuja kuuliza baada ya kusoma kwamba Vladimir Nabokov, mwandishi Mrusi, akiwa mtoto mdogo alilalamika kwamba herufi za kuchezea alizopewa zimepakwa rangi zisizo zake, na mama yake hakushangaa, kwa kuwa naye herufi zake zilikuwa na rangi. Nilirudi Mbuyuni likizo. Ilikuwa jioni, barabara imepoa, tunafunga nyavu.

“Mama, unamkumbuka yule dalali wa elfu ishirini na nane?”

“Namkumbuka.”

“Ulicheka.”

“Nilicheka.” Akakaza kamba kwa meno, akakata. “Wewe mtoto, Jumanne ya kijani? Jumanne ni ya maziwa mgando. Nilishindwa kujizuia.”

Tulibishana mpaka taa za malori zikawashwa. Nane amekubali ni damu ya mzee.